Maji Yaliyolala Bombani

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita yule fundi bomba kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mzani, na jina hilo alilistahili. Ukimpelekea koki, kiungo au valvu, yaani ile shingo ya chuma yenye mpini ambayo hufunga maji kabla hayajaifikia koki, hakuangalia kwanza nembo wala hakuuliza imetoka wapi. Aliifumbata kiganjani, akafumba jicho moja, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayekisia uzito wa kuku, kisha akatoa hukumu isiyokuwa na rufaa. Iliyokuwa nyepesi aliirudisha kwa ncha za vidole.

"Hili ni kopo la maziwa lenye mpini," alisema. "Mpe mtoto achezee."

Iliyokuwa nzito aliitia mfukoni bila neno, na mwenye nyumba akajua kwamba fundi ameridhika.

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mazoea hayo hayakuwa upuuzi. Zile valvu nyepesi alizozichukia zilikuwa na kuta nyembamba kama ganda la yai. Zilipasuka ndani ya ukuta, zikalowesha magodoro, zikawagombanisha wapangaji wa juu na wa chini. Bwana aliyemfundisha kazi alimfundisha kupima kwa kiganja, naye alifundishwa vivyo hivyo na bwana wake. Shaba nzito ya manjano, laini, inayokubali kukatwa uzi wa kufungia bila kupiga kelele chini ya chombo: hiyo ndiyo mali. Na ni kweli kwamba haikuvuja. Nyumba alizozifunga Mzani zilikuwa kavu, na kwa wakaguzi wa majengo ukavu ulitosha. Walifungua, wakafunga, wakapitisha kitambaa kwenye viungo, wakatia saini, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza shaba ile imechanganywa na nini.

Mara nyingi imechanganywa na madini ya risasi. Viwandani huyatia ili shaba ikatike kwa wepesi, mashine zisichoke na wenye mashine wasiingie gharama. Ule ulaini ambao mafundi wetu waliusifu ndio uliopaswa kuwatia shaka. Risasi ikiingia kwenye maji haina ladha, haina harufu, haibadilishi rangi, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Mtu mzima humdhuru. Mtoto mdogo humharibia ubongo ambao bado unajengwa. Anayeyeyusha shaba analijua hilo. Anayeiagiza kwa makontena angelijua kama angeuliza. Fundi anayefunga na mama anayekinga kikombe ndio pekee ambao hakuna mtu anayelazimika kuwaambia. Mimi nauita huo uovu, na sitautafutia neno la adabu zaidi.

Binti wa pekee wa Mzani alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alipopata vyumba vya chini vya jengo letu na kuamua kufungua chekechea, baba yake alitangaza kwamba kazi ya maji ni zawadi yake na hataki kusikia la mtu. Aliifanya kama anayejenga kasri. Alizipanga koki kwa safu, chini kabisa, ili hata mtoto mdogo kuliko wote afungue bila kunyanyuliwa. Kila mpini aliupaka rangi yake. Na nyuma ya kila koki, ndani ya ukuta, alitia valvu yake, nzito kuliko zote alizowahi kuzifumbata, ili koki moja ikiharibika ifungwe peke yake na watoto wengine waendelee kunywa. Hakuna nyumba mtaani iliyokuwa na anasa hiyo.

Mkewe alikuja kuangalia kazi, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kumbe unajua kazi," alisema. "Na ile koki ya jikoni kwangu inayodondosha tangu unioe?"

"Ile ina subira, mama watoto. Imeshakuzoea."

"Mimi ndiye niliyeizoea, bwana. Tena si koki peke yake."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Chekechea ilifunguliwa, ikajaa, na watoto wakazipenda zile koki kuliko vitabu vya picha.

Miongoni mwao alikuwako binti wa mshona nguo mmoja wa barabara ya pili. Mshonaji alifungua kibanda mapema, kwa kuwa wateja wake walichukua nguo kabla ya kwenda kazini, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Mwalimu akamwonea huruma, akakubali kumpokea kabla ya wenzake wote. Kwa hiyo mtoto huyo, ingawa ni msichana, aliitwa Kijogoo, maana ndiye aliyeuamsha mlango. Kila siku mwalimu alimpokea mkoba, akautundika, akamfungulia koki nyekundu, na Kijogoo akanywa kikombe kizima kwa pumzi moja, maji yakimchuruzika kidevuni.

Baada ya muda mtoto akaanza kulegea. Tumbo lilimuuma hovyo. Chakula alikisukuma. Nyimbo alizokuwa akiziongoza akawa anazifuata kwa nyuma, na maneno aliyoyajua yakawa yanamponyoka katikati ya sentensi. Mama yake, yule mshonaji, alimpeleka zahanati, akapewa dawa za minyoo. Akarudi, akapewa dawa za kuongeza damu. Akarudi tena, na mara hii daktari mmoja aliyekuwa na akili ya kutilia shaka akaagiza damu yake ipimwe risasi. Ilikuwamo, tena kwa kiwango kilichomfanya daktari afunge mlango kabla ya kuzungumza. Mama mtu na kaka wa mtoto walipimwa pia. Wao hawakuwa na tatizo. Basi sumu haikuwa nyumbani. Ilikuwa mahali ambapo Kijogoo alikwenda peke yake.

Zahanati ilimtuma mpimaji wa maji, dada mmoja mkimya mwenye kisanduku cha chupa. Alifika chekechea kabla ya mtu kugusa koki, akakinga maji ya kwanza ya kila moja. Kisha akaziacha zote zitiririke kwa muda, akakinga tena. Akakinga ya tangini, akatoka nje akakinga ya kwenye mita. Aliporudi na majibu, alimkuta mwalimu na baba yake darasani, na kwa kuwa viti vilivyokuwapo vilikuwa vya watoto, Mzani alimsikiliza magoti yakiwa karibu na masikio.

"Ya kwenye mita ni safi," alisema mpimaji. "Ya tangini ni safi. Ya kwenye koki, yakishatiririka, risasi inapungua sana. Mabaya ni yale ya kwanza, yaliyolala bombani usiku kucha. Ni mabaya mno, Fundi. Kwa hiyo tatizo liko kati ya ukuta na kikombe."

"Kati ya ukuta na kikombe kuna kazi yangu tu," alisema Mzani.

"Ndiyo."

"Basi chupa zako ni chafu."

Mpimaji hakukasirika. Aliyekuwa amebadilika uso ni mwalimu. Alikuwa anaitazama koki nyekundu.

"Anayekunywa ya kwanza ni Kijogoo," alisema. "Kila siku. Na mimi ndiye ninayemfungulia, Baba. Kwa mkono wangu huu."

Siku hiyo hiyo alizifunga koki zote, akawaambia wazazi kwamba shule inapumzika kwa matengenezo. Hakuwaambia zaidi ya hapo, na nitaeleza kwa nini. Ada za watoto hao ndizo zilizolipa kodi ya vyumba. Wazazi wakisikia neno sumu, chekechea imekufa. Wakisikia ni nani aliyefunga mabomba, jina la baba yake limekufa nalo. Alikuwa akijaribu kuokoa vyote viwili, na sijapata moyo wa kumlaumu.

Mzani, kwa upande wake, aligoma. Alililaumu shirika la maji, akalilaumu tangi, akazilaumu sufuria za mshonaji ambazo hakuwahi kuziona. Mkewe alimwacha aseme mpaka aishiwe.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Bado."

"Ukimaliza, nenda kapime mwenyewe. Si unajipiga kifua kwamba hudanganyiki?"

Alikwenda. Aling'oa koki moja na valvu yake, mahali pake akaweka kipande cha bomba la plastiki na koki ya plastiki. Koki iliyofuata aliiacha na valvu yake ya shaba kama ilivyokuwa. Aliyaacha maji yalale, na asubuhi akakinga pande zote mbili katika chupa alizoziosha mwenyewe, akazifunga mwenyewe kwa tepu, akampelekea mpimaji. Majibu alipewa akiwa amesimama getini mwa zahanati. Upande wa plastiki risasi haikuonekana. Upande wa shaba ilikuwa vile vile.

"Umerudia kupima?"

"Nimerudia."

"Hukuzichanganya?"

"Fundi, ulizifunga tepu mpaka nikavunja kucha. Ningezichanganyaje?"

Alikaa chini ukingoni mwa barabara, pale pale, watu wakimpita. Mpimaji aliniambia baadaye kwamba alidhani ni presha, akamletea maji. Mzani aliyatazama yale maji, kisha akauliza bomba la zahanati nani alilifunga.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuchagua valvu nyingine, na hapo ndipo mtu aliyekuwa na hakika maisha yake yote alipogundua kwamba hana pa kuanzia. Duka la vifaa alilonunulia tangu ujana lilikuwa na muuzaji aliyependa mzaha.

"Mzani wangu!" alimpokea. "Nimekuwekea mzigo wa nguvu. Shika hii. Mkono utaomba likizo."

Mzani hakuishika. "Shaba yake imechanganywa na nini?"

"Imechanganywa na faida kidogo."

"Nakuuliza kweli."

"Leo umelishwa nini, bwana? Tangu tujuane hujawahi kuniuliza swali hilo."

"Ndiyo maana nauliza leo."

Muuzaji alipoona uso wake aliacha mzaha. Alishusha maboksi mawili. "Hizi zimeandikwa kwamba hazina risasi. Za kwanza ni za bei. Hizi za pili ni nafuu."

"Hizi za pili zinafanana na zile zangu za kila siku."

"Zinafanana, ndiyo. Ila hizi zimeandikwa."

"Nani kaziandika?"

"Fundi, mimi nauza kilichomo kwenye boksi. Boksi likisema haina, haina. Likinyamaza, na mimi nanyamaza. Wewe unataka nifanye nini, niilambe?"

Yule muuzaji si mtu mbaya, nami simwandiki ili achekwe. Jibu lake ndilo jibu la mfumo mzima. Mkate dukani lazima uandikwe umetengenezwa na nini. Dawa ya panya lazima iwe na onyo. Lakini kitu ambacho maji ya mtoto hulala ndani yake usiku kucha kinaingia bandarini na kupangwa rafuni bila kuulizwa chochote zaidi ya ushuru. Kisha mtoto akiugua tunamuuliza mama yake anapikia sufuria gani.

Mzani alinunua valvu moja ya kila aina: zile mbili za shaba zilizoandikwa, moja ya chuma kisichoshika kutu, na moja ya plastiki nene iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Ile ya plastiki ilipotua mkononi, vidole vilitaka kuirudisha vyenyewe. Aliitia kwenye mkoba haraka, kama mtu anayeficha kitu.

Uani kwake aliunganisha kila valvu na kipande kifupi cha bomba, akajaza maji, akaziba, akayaacha yalale. Mkewe alipita na beseni la nguo.

"Hili si lile kopo la maziwa lenye mpini?"

"Ndilo."

"Na tunaliheshimu siku hizi?"

"Tunalisubiria majibu."

Majibu yalikuja. Plastiki ilifaulu. Chuma kilifaulu. Shaba ya bei ilifaulu. Ile shaba ya nafuu, iliyoandikwa kwa herufi safi kabisa kwamba haina risasi, ilikuwa nayo tele. Mzani aliirudisha dukani, akaiweka mezani mbele ya wateja, akasema kilichomo. Muuzaji alilishusha boksi zima kutoka rafuni. Sijui alilipeleka wapi. Naomba Mungu asiwe ameliuza mtaa mwingine.

Mzani alichagua ya plastiki. Na badala ya valvu nyuma ya kila koki, safari hii alitia moja tu kwa safu nzima, mwanzoni, ili kati ya maji na mtoto kusiwe na kitu kisicholazimika kuwapo. Koki nazo alizibadilisha zote. Maji yakalazwa, yakapimwa, yakaonekana safi. Mwalimu akaita mkutano wa wazazi.

"Wewe utakaa nyuma, Baba," alimwambia. "Nitasema maji yalikuwa na hitilafu na sasa yametengenezwa. Si uongo."

"Si uongo," alikubali Mzani.

Wazazi walijaa darasani, wakaitundika tena mikoba ya watoto, wengine wakakaa kwenye vile viti vidogo, wengine wakasimama. Mshonaji alikaa mbele, Kijogoo mapajani. Mwalimu alisema alichopanga kusema, kwa sauti tulivu, na watu walianza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo Mzani aliposimama kule nyuma.

"Maji yalikuwa na risasi," alisema. "Ilitoka kwenye valvu na koki. Mimi ndiye niliyezichagua na mimi ndiye niliyezifunga."

Mshonaji aligeuka polepole.

"Ulijua?"

"Sikujua, dada."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Mtoto wangu alikuwa anaongoza nyimbo," alisema mshonaji. Hakupandisha sauti. "Siku hizi ananiuliza jina la paka wetu."

Kisha kelele zikalipuka. Baba mmoja alidai kujua kwa nini walifichwa. Mwingine alipiga kelele, "Na kwangu nani alifunga?"

"Mimi."

"Na kwetu, ghorofa ya tatu?"

"Mimi. Karibu mtaa wote ni mimi."

"Basi tungekunywa soda tangu mwanzo!" alisema mtu, na hakuna aliyecheka. Wengine walikwenda kwenye misumari ya ukutani wakachukua mikoba ya watoto wao, wakatoka. Mpimaji, aliyekuwa amekuja na majibu ya mwisho, alipanda juu ya kiti akawaambia wawapeleke watoto zahanati wakapimwe damu, na nadhani waliomsikia hawakuwa wengi.

Darasa lilipobaki tupu, misumari mingi haikuwa na kitu. Mwalimu alimgeukia baba yake.

"Umenifungia shule, Baba. Watoto walikuwa tayari salama. Mabomba yalikuwa tayari mapya. Ulikuwa unataka nini zaidi?"

"Hawa walikuwa salama hapa," alisema Mzani. "Wewe ungewaambia maji yametengenezwa. Wangefurahi, wangekwenda nyumbani, wangefungua koki zangu."

Binti aliitazama ile misumari mitupu. Aliketi. Alilia kwa muda, na baba yake, ambaye hakujua la kufanya na mikono yake, alianza kuvipanga viti.

Kijogoo ameshaacha kunywa sumu, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Kiwango kinashuka. Maneno mengine yamerudi. Daktari ni mtu mkweli, naye amekataa kumwahidi mama yake kwamba yatarudi yote. Chekechea ilifunguliwa ikiwa na watoto wachache, na mshonaji, kwa mshangao wa watu, alimrudisha wake. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba hiyo ndiyo koki pekee mtaani ambayo anajua imepimwa. Ni aibu kwa mji wetu mzima kwamba jibu hilo ni la kweli.

Mzani alianza kupita nyumba kwa nyumba, na nyumba zilimkataa. Nawaelewa. Fundi anayebisha hodi bila kuitwa, akakwambia valvu zako hazifai, anafanana kabisa na fundi anayetafuta kazi. Mlango wa kwanza ulifungwa kabla hajamaliza salamu. Kwenye wa pili alitukanwa. Alirudi kukaa ngazini pa jengo letu na mkoba wake wa spana, na mwalimu alikuwa anafunga shule wakati huo. Alimtazama, akaweka funguo mfukoni.

"Unawaambia nini?" alimuuliza.

"Nawaambia shaba yao ina risasi."

"Ndiyo maana. Waambie kwanza cha kufanya. Asubuhi wayaache maji yatiririke kabla ya kunywa, ya kwanza wafulie. Wasipikie maji ya moto ya bombani, maana hayo huchukua risasi zaidi. Mambo ya kubadilisha yaje baadaye, kadiri mtu anavyojiweza." Alimvuta mkono ainuke. "Twende. Nitabisha mimi."

Mlango waliouanzia ulikuwa wa mama mmoja mwenye mjukuu anayetambaa. Aliuliza kwa ndani ni nani, na kama ni yule fundi, yeye hana tatizo la bomba.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mwalimu."

"Marahaba, mwalimu! Karibu, karibu." Kitasa kilizungushwa, mlango ukafunguliwa nusu. "Na huyo nyuma yako?"

"Ni baba yangu," alisema mwalimu. "Ndiye aliyekufungia maji. Ana jambo anataka kukwambia."